KASINO IJENGWE WAPI? LUTU NAYE ALICHAGUA MAHALI

 

NENO LA LEO: Mwanzo 13:10-13. Lisome kwanza wewe mwenyewe, ndipo uendelee. Leo neno ni refu kidogo, kwa hivyo tafuta mahali ukae.

Wapendwa, tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya jiji, ikawa jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tulimshukuru Mungu. Lakini tangu hapo kuna wimbo unaoimbwa kwamba jiji lazima lifanane na majiji mengine: barabara pana, hoteli ndefu, uwanja wa kisasa, na kasino. Na kasino ikishatajwa tu, watu wazuri, hata waliookoka, wanarukia swali moja: ijengwe wapi?

Mmoja anasema iwekwe katikati ya mji, polisi waione. Mwingine anasema ipelekwe Naivasha kando ya ziwa, wanakolala watalii na mashabiki wa Safari Rally. Wa tatu anasema popote, bora isiwe karibu na shule na kanisa.

Leo nasema bila kuzunguka: swali la "wapi" ni mtego. Ukishaanza kulijibu, umeshakubali kitu ambacho hukuulizwa. Mtu akikuuliza nyoka alale chumba gani, usianze kumhesabia vyumba.

KWANZA: LUTU ALICHAGUA KWA MACHO

Abramu alimpa Lutu nafasi achague. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji kila upande, zuri kama bustani. Alipima majani na maji, lakini hakupima majirani. Biblia inatueleza tabia ya watu wa Sodoma papo hapo, mstari wa 13, ila hatusomi kwamba Lutu aliulizia.

Sasa fuata hatua zake. Katika Mwanzo 13:12 anapiga hema kuelekea Sodoma. Yuko karibu tu, hayumo ndani. Ukifika Mwanzo 14:12, anakaa Sodoma. Ukifika Mwanzo 19:1, ameketi langoni, mahali pa wazee wa mji. Hema, kisha nyumba, kisha kiti cha langoni. Hakuna siku Lutu aliamka akasema, "Leo nahamia kwenye uovu." Alisogea kidogo kidogo.

Kamari imesogea kwetu vivyo hivyo. Sheria yetu ya zamani ya kamari ilikuwa ya mwaka 1966, na kwa miaka mingi mtu wa kawaida wa Bonde la Ufa alijua kasino ni mambo ya matajiri na wageni, huko Nairobi na Mombasa. Kisha zikaja zile mashine za sarafu. Mnazikumbuka. Zilisimama dukani na kwenye vibanda, zikimeza shilingi 20, hata za mtoto aliyetumwa unga. Serikali ikalazimika kuzikamata na kuzichoma katika kaunti nyingi. Lakini hata kabla majivu hayajapoa, kamari ilikuwa imehamia kwenye simu. Mwaka 2017 utafiti wa GeoPoll ulisema asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kubeti, zaidi ya nchi nyingine zote za Afrika zilizokuwa kwenye utafiti huo. Leo ile ndege ya Aviator inaruka mkononi mwa kijana wa boda boda akingoja abiria.

Hema ilikuwa ile mashine ya dukani. Nyumba ni simu. Sasa kinachotafutwa ni kiti cha langoni: jengo kubwa lenye taa, leseni ukutani, na heshima ya jiji.

Utaniambia, "Pasta, kama kamari iko kwenye simu tayari, jengo litaongeza nini?" Litaongeza mahubiri. Jengo nalo huhubiri. Mtoto wa darasa la sita akipita kila siku mbele ya jengo zuri kuliko shule yake, zuri kuliko hospitali aliyozaliwa, anajifunza bila mwalimu kwamba mji wake unaheshimu nini.

PILI: "MBALI" NI KARIBU NA NANI?

Tuchukue wazo la kuipeleka mbali. Wazo hilo limewahi kufanywa, tunaweza kuliangalia. Afrika Kusini, wakati wa utawala wa makaburu, ilikataza kasino. Lakini watu wa Johannesburg walitaka kucheza. Basi mwaka 1979 ikafunguliwa Sun City, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Johannesburg, ndani ya Bophuthatswana, moja ya zile "nchi" za bandia walizotengewa Waafrika weusi. Kitu ambacho hawakukitaka nyumbani kwao, wakakiweka kwa jirani asiye na sauti. Wikendi wanakuja, wanacheza, wanarudi kwao wakiwa watu wa heshima.

Sasa pima. Naivasha ni kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Anayesema "ipelekwe Naivasha" anaona ziwa, viboko na Hell's Gate. Haoni Karagita. Haoni Kihoto wala Kabati. Hamwoni dada anayeamka gizani kuwahi basi la shamba la maua, anayelipwa mwisho wa mwezi na kulipa kodi ya nyumba, deni la dukani na karo kabla hajanunua kiatu chake. Hawaoni madereva wa malori pale Mai Mahiu, wenye pesa ya safari mfukoni na usiku mrefu mbele yao.

Tunaposema "mbali", huwa tunamaanisha "mbali nami". Lakini kila mahali ni karibu na mtu. Ukiitoa Milimani umeisogeza Kaptembwo, na ukiitoa Kaptembwo umeisogeza Karagita. Yesu alipoulizwa jirani yangu ni nani, hakujibu kwa ramani. Soma Luka 10.

Na umbali kutoka shuleni? Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule. Ni uzio mzuri, sipingi. Lakini mita 300 ni kama hatua mia nne za mtu mzima. Uzio huo unamlinda mtoto asione mlango. Haumlindi na baba anayetoka kwenye mlango huo saa nane usiku bila pesa ya karo.

TATU: HESABU HAIJUI MAOMBI

Kuna watu wanaamini kasino inashinda kwa sababu inadanganya. Hapana, inashinda hata ikiwa safi kabisa. Ngoja nikuonyeshe kwa hesabu ya shule ya msingi.

Chukua lile gurudumu la ruleti, aina inayoitwa ya Ulaya. Lina nafasi 37: nyekundu 18, nyeusi 18, na sifuri moja. Weka shilingi 100 kwenye nyekundu. Ukishinda unarudishiwa 200. Cheza mara 37 na tuseme kila nafasi imetokea mara moja. Umeweka shilingi 3,700. Umeshinda mara 18, zimerudi 3,600. Shilingi 100 imebaki kwa mwenye nyumba. Haikuibwa na mtu, imekaa ndani ya gurudumu lenyewe.

Leo unaweza kushinda, ndiyo. Hata kesho. Lakini kadiri unavyokaa, ndivyo sifuri inavyokula. Ndiyo maana kasino hupenda ukae, hata ukipewa kinywaji cha bure. Mwenye nyumba hana haja ya kukuchukia. Ana haja na muda wako tu.

Na wewe unayefunga na kuomba kabla ya kubeti, nakuambia kwa upendo: Mungu hajaahidi popote kwamba atabadilisha gurudumu ili umnyang'anye aliyeketi kando yako. Maana pesa unayoshinda haikutoka mbinguni. Ni karo ya mtoto wa mwingine. Waefeso 4:28 inafundisha mtu afanye kazi kwa mikono yake ili apate cha kumpa mhitaji. Kamari imegeuza neno hilo juu chini: mhitaji ndiye anayetoa.

NNE: "LAKINI AJIRA, LAKINI WATALII"

Hoja hii siidharau. Vijana wetu hawana kazi, na ninyi mnaofanya kazi katika maduka ya bahati nasibu siwahukumu. Najua mnalisha watu. Lakini tuipime.

Shamba la maua la Naivasha lina matatizo yake, tunayajua. Lakini waridi linauzwa Uholanzi na pesa ngeni inaingia Karagita. Mvuke wa Olkaria unakuwa umeme. Viazi vya Molo vinakuwa chakula. Kasino inayochezwa na wenyeji inazalisha nini? Inachukua shilingi kwenye mfuko wa Kaptembwo, inakata ya mwenye nyumba, inakata ya serikali, kisha inamlipa mlinzi mshahara tunaoitiwa ajira. Na ile shilingi ingekuwa wapi? Kwa mama mboga, kwa fundi cherehani, kwa muuza mitumba. Hao nao wana ajira, ila hakuna atakayekuja kukata utepe siku biashara zao zitakapokufa.

Kuhusu watalii, angalia wanavyofanya waliotutangulia. Singapore ilifungua kasino zake mbili mwaka 2010. Mgeni anaingia bure. Raia wa Singapore na mkazi wa kudumu wanatozwa ada mlangoni, dola 100 za huko kwa siku, na mwaka 2019 zikapandishwa hadi 150. Misri kasino ziko, lakini za wageni wenye pasipoti za nje; Mmisri haruhusiwi kucheza. Monako, mji wenye kasino maarufu kuliko zote duniani, hauwaruhusu raia wake wenyewe kuchezea humo.

Ndugu yangu, mpishi asiyewapa watoto wake chakula anachokuuzia, utakula?

Na Atlantic City kule Marekani, waliahidiwa kwamba kasino zitaufufua mji wao. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1978. Mwaka 2014 peke yake kasino nne zilifungwa na maelfu wakapoteza kazi. Taa za kasino si msingi wa mji.

TANO: MASWALI MAWILI NINAYOULIZWA

"Pasta, ikikatazwa si itajificha?" Itajificha, kwa wachache. Sheria haiondoi dhambi moyoni, hiyo ni kazi ya Damu ya Yesu. Lakini sheria inaweka uzio. Wizi nao unajificha, na hatujaujengea ofisi. Jirani zetu Uganda, Januari 2019, walitangaza kutotoa leseni mpya kwa kampuni za kubeti za kigeni. Hapa kwetu, mwaka huo huo wa 2019, serikali ilizibana kampuni za kubeti, na zile kubwa zikafunga milango kwa muda. Aprili 2025 bodi ya leseni ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Kwa hivyo usiniambie haiwezekani. Serikali ikitaka, inaweza. Kinachokosekana ni wananchi wa kuisukuma.

"Lakini hata mitume walipiga kura." Ndiyo, Matendo 1:26, walimpata Mathiya. Sasa niambie, siku ile nani aliweka pesa? Nani alirudi nyumbani bila unga? Kura ile ilikuwa ya kumtafuta mtumishi baada ya maombi, na hakuna aliyepata kwa hasara ya mwenzake. Usiifananishe na meza ya kamari. Ukitaka meza ya kamari, soma Isaya 65:11, Mungu akiwakemea watu wake kwa kuandalia meza miungu ya bahati. Walikuwa watu wa agano, si wapagani.

SITA: TUANZIE MADHABAHUNI

Hapa wengine watanuna, lakini nitasema. Hatuwezi kupinga kasino mjini huku tukiendesha kasino ya kiroho kanisani. Mhubiri anayemwambia mjane aweke shilingi elfu moja ili apate elfu mia kabla ya Ijumaa amemfundisha nini? Amemfundisha kubeti, tofauti ni kwamba gurudumu limevaa suti. Sadaka ni ibada na shukrani. Haijawahi kuwa tiketi.

Na harambee zetu zisijengwe kwa pesa ya kampuni za kamari. Afadhali tuabudu chini ya turubai mvua ikinyesha kuliko kukaa chini ya bati lililonunuliwa kwa machozi ya washirika wetu wenyewe.

TUFANYE NINI?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya kushughulikia kamari na kasino katika eneo lake. Serikali ya kitaifa nayo ina sehemu yake, na mwaka 2025 tulipata sheria mpya ya kudhibiti kamari iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Maana yake ni kwamba jambo hili haliko Nairobi peke yake. Liko mikononi mwa watu unaowapigia kura hapa.

Kwa hivyo:

1. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Tangazo la kikao likitoka, nenda. Usitume maombi peke yake, nenda na miguu. Wenye pesa huwa hawakosi kuhudhuria.

2. Kiwanja kikibadilishwa matumizi, kwa mfano kutoka makazi kwenda biashara, tangazo hutolewa na mwananchi ana nafasi ya kupinga kwa maandishi. Vijana wetu mliosomea sheria na upangaji miji, hii ndiyo huduma yenu. Huduma si kushika kipaza sauti tu.

3. MCA akija kanisani kuomba kura, muulize mbele ya watu: "Leseni ya kasino utaiunga mkono au utaipinga?" Asijibu kuhusu mahali. Ajibu ndiyo au hapana.

4. Wazazi, angalieni simu, si za watoto tu. Mume na mke, fungulianeni vitabu. Ukiona Fuliza haishi na pesa ya chama inachelewa kila mwezi, uliza kwa upole kabla hujauliza kwa kilio.

5. Na wewe uliyefungwa. Uliyeahidi mara ya mwisho ni leo, mara kumi. Sikuandikii kukuaibisha. Mwambie mtu mmoja unayemwamini ukweli wote, pamoja na kiasi cha deni. Mpe mwenzako au mzazi wako usimamizi wa pesa kwa muda. Omba kampuni ifunge akaunti yako, kisha futa programu hiyo. Kama umefika mahali unaona heri usiwepo, usilale na wazo hilo peke yako: piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, au njoo ofisini kwangu hata bila kuoga. Mungu hajakuandika kwenye orodha ya walioshindwa.

NENO LA MWISHO

Mnajua kamari iliyochezwa mahali patakatifu kuliko pote? Yohana 19:23-24. Chini ya msalaba. Askari walikuwa na joho la Yesu, halina mshono, wakalipigia kura. Kama mahali pangeweza kuitakasa kamari, pale pangeitakasa, maana Damu ilikuwa ikidondoka hatua chache tu kutoka walipokuwa. Lakini macho yao yalikuwa kwenye nguo. Mwokozi wa ulimwengu alikuwa akifa juu yao, na wao walikuwa wakitazama nani ameshinda.

Ndivyo kamari inavyofanya kwa mji. Haikuhitaji uwe mtu mbaya. Inataka tu uangalie joho, usiinue macho umwone anayeumia kando yako.

Kwa hivyo wakikuuliza ijengwe wapi, usioneshe kidole upande wowote. Waulize wao: atakayelipa ni nani, na anaishi mtaa gani?

Tuombe. Baba, tunaliweka jiji la Nakuru mikononi mwako, na kila mji wa bonde hili. Wape viongozi wetu macho ya kuona watu kabla ya majengo. Uwafungue waliofungwa kwa kamari, urudishe amani katika nyumba zilizovunjika, na karo iliyopotea uifungulie mlango mwingine. Utupe kanisa lenye ujasiri wa kusema na mikono ya kusaidia. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba pamoja nami, andika AMINA na jina la mtaa wako. Kisha mtumie neno hili mtu mmoja anayelihitaji. Jumapili tukutane nyumbani mwa Bwana. Mbarikiwe.